Maneno Arobaini kwa Kila Wimbo

Nchi yetu ina bahati moja ambayo majirani wanaionea kijicho: inasikilizwa. Nchi nyingine zina serikali za kusema tu, asubuhi mpaka jioni. Yetu ni sikivu. Kiongozi wetu, Mungu amzidishie masikio, haitwi Rais wala Mfalme, anaitwa Msikivu Mkuu. Picha yake iko katika kila ofisi, kila duka na kila wodi ya wazazi, kichwa ameinamisha kidogo kulia, kiganja nyuma ya sikio, anatusikiliza. Mtoto wa kwetu analia kilio chake cha kwanza na tayari kimeshasikiwa. Sijui kama kuna raia wengine duniani wanaoweza kujivunia jambo hilo.

Mimi naitwa Mwinyimvua. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa msikilizaji daraja la pili katika Idara ya Masikio, na kazi yangu ilikuwa nyimbo mpya za wanamuziki wanaojitegemea. Wale wa Bendi ya Taifa hawakuhitaji kusikilizwa, kwa kuwa nyimbo zao zilitungwa chumba cha pili kutoka chetu na tulizisikia zikitungwa. Lakini hawa wa kujitegemea, mtu na gitaa lake, mtu na debe lake, hao walihitaji sikio la karibu. Kila wimbo niliuandikia maoni mafupi, na kila Ijumaa maoni yalitoka katika gazeti la Sauti Moja, ukurasa wa nne, chini ya ratiba ya mgawo wa umeme.

Maoni hayakuruhusiwa kuzidi maneno arobaini. Mkurugenzi wetu alitufafanulia sababu siku ya kwanza ya kazi. "Mtumishi wa umma akipewa maneno arobaini," alisema, "yote huwa ya umma. Akipewa arobaini na moja, hilo moja atalifanya lake." Tulipiga makofi, kwa sauti ya wastani.

Usikilizaji wenyewe ulikuwa wa kisayansi. Ulivua viatu ukaviacha mlangoni, ukakaa kitini, ukatia miguu katika sinia kubwa la unga wa sembe uliochekechwa vizuri. Wimbo ulipigwa. Ukiisha, aliingia Bwana Mfaume, Mkaguzi wa Unga, mtu mpole mwenye kikohozi kisichosikia dawa, akapiga magoti na rula yake. Unga ukiwa umesogea chini ya nusu sentimita, wimbo ni wa burudani. Ukizidi hapo, wimbo una mwendo. Mchana unga huohuo ulisongwa ugali wa wafanyakazi, kwa sababu serikali yetu haipotezi kitu.

Niseme ukweli, niliipenda kazi ile. Niliamini kwamba mtu aliyeketi peke yake chumbani akatunga kitu kizuri anastahili kuambiwa na mtu mwingine: nimekusikia. Nikawa nasifu. Baadhi ya maoni yangu nayakumbuka mpaka leo.

"Mnyororo Umekatika." Gitaa la nyuzi tatu, sauti ya mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara. Anaimba juu ya baiskeli iliyoharibika mlimani, lakini ukifika ubeti wa tatu unajikuta wewe ndiye unayesukuma. Wimbo huu unatembea.

"Maji ya Jumanne." Dada watatu wauza mkaa wanapiga makofi na gunia. Maji yalitoka bombani Jumanne moja mwaka juzi, nao wanaikumbuka siku hiyo saa kwa saa. Nilicheka peke yangu. Mwishoni wanauliza yatarudi lini. Wanauliza vizuri mno.

"Harusi ya Jenereta." Mshona viatu, zumari, na ngurumo za jenereta la kweli. Bibi harusi hasikii anachoulizwa kwa ajili ya kelele, basi anaitikia ndiyo kwa kila kitu. Furaha tupu, mpaka utakapofikiri.

Msomaji atauliza mbona sitaji majina ya wanamuziki hawa. Si dharau. Ni Sheria ya Mapumziko ya Majina. Raia akiitwa kwenda Nyumba ya Utulivu, ambayo ni jengo zuri lisilo na madirisha upande wa barabara, lenye kuta zilizopigwa magodoro ili wageni wasisumbuliwe, jina lake nalo hupumzika. Halitamkwi wala haliandikwi. Mtoto wa shule aliyebahatika kuwa na jina kama hilo huitwa kwa namba mpaka wazazi wake watafute jingine. Gari jeupe la Nyumba hiyo lilimchukua yule wa mnyororo, fundi baiskeli, Jumamosi, siku moja baada ya maoni yangu. Dada watatu nao Jumamosi. Mshona viatu, Jumamosi. Mimi nilifurahi kwa ajili yao. Nilidhani wanakwenda kupewa nishani.

*

Mama yake yule fundi baiskeli alikuja nyumbani kwangu, akakataa kiti, akakataa na maji.

"Wewe ndiye Bwana Msikilizaji?"

"Ndimi, mama. Karibu."

"Uliandika gazetini kwamba wimbo wa mwanangu unatembea."

"Ndiyo, mama, na kweli unatembea."

"Umefika wapi?"

Nilimwambia avute subira, kwamba Nyumba ya Utulivu ni heshima kubwa na mafunzo yake ni marefu. Alinitazama vile unavyomtazama mtoto wa mwenzio aliyekuvunjia chungu, ambaye huwezi kumpiga. Akaenda zake.

Wiki iliyofuata nilitumwa ghalani kuchukua sinia jipya. Nilikuwa sijawahi kuingia mle. Rafu zilianzia sakafuni mpaka darini, na juu yake kulipangwa magitaa, marimba, ngoma, filimbi, na kinanda kimoja cha kanisani kilichokatwa miguu ili kienee. Niliona gitaa la nyuzi tatu. Niliona gunia la mkaa limekunjwa kwa adabu, na zumari juu yake. Kila kitu kilifungwa kikaratasi chenye tarehe. Nikasoma vikaratasi vya rafu nzima. Tarehe zote zilikuwa za Ijumaa.

Mimi si mtu wa kufikiri haraka, lakini kalenda naijua. Nilirudi na sinia langu, nikavaa koti, nikawaambia wenzangu ghalani kuna baridi. Niliogopa. Kwa mara ya kwanza nilijiogopa mwenyewe.

Nilimwendea Mkurugenzi, nikamuuliza, kwa unyenyekevu, kama kusifiwa kulikuwa na uhusiano wowote na kupumzishwa. Aliinuka kabisa kunijibu, kwa maana hakuwahi kutoa hotuba akiwa ameketi.

"Ndugu Mwinyimvua, wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Serikali sikivu haiwezi kukaa ikangoja tembo litiwe maji. Unasifu Ijumaa, tunamwondoa mgema Jumamosi, sifa inabaki safi. Wewe ni mtumishi wetu bora. Una sikio ambalo wanamuziki wenyewe wanaliamini. Endelea kusifu."

Sikuendelea. Nilianza kuandika hivi: "Wimbo upo. Una mwanzo na una mwisho. Mwimbaji anaimba." Nilijifunza kukaza vidole vya miguu kwenye unga mpaka misuli ikaniuma. Habari zikaenea, maana lisemwalo lipo, kama halipo laja, na wanamuziki wakawa wanapiga hodi kwangu. Mpiga zeze mmoja mzee alinishika mkono. "Baba, nakuomba uniponde. Andika sauti yangu inafanana na mlango mbovu. Nina wajukuu." Nikaandika mlango mbovu. Alikuja kunishukuru akilia, na mpaka leo jina lake liko macho. Kwa miaka miwili hakuna wimbo hata mmoja uliokuwa mzuri katika nchi yetu, na Bwana Mfaume, aliyekuwa akiona alama za vidole vyangu vilivyokazwa, alikohoa tu na kuandika sifuri.

*

Mimi sina mtoto. Nina Siwema. Ni binti wa kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa mpiga ngoma na ambaye jina lake lilianza kupumzika Siwema akiwa na miaka minne, nami miaka yote nikijiambia kwamba naye yuko mafunzoni. Aliletwa kwangu na kandambili moja mguuni, akakataa kuivua siku tisa. Sasa ana miaka ishirini na miwili, anapika na kuuza chakula mbele ya zahanati, na ananiita Baba mdogo kwa sauti ambayo ningeitambua sokoni siku ya mkesha wa sikukuu.

Siwema hakuwa mwanamuziki. Lakini alitunga wimbo, na ili mtu auelewe wimbo huo lazima ajue desturi yetu moja.

Kwetu, msiba ukiingia nyumbani, wanawake wanaokuna nazi jikoni hawasemi neno. Wanavuma. Midomo imefungwa, mvumo mmoja wa chini, na mbuzi ya kukunia inakwaruza chini yake. Maneno ni ya mwenye msiba peke yake. Wanavuma mpaka mwenye msiba asimame mlangoni alitaje jina la marehemu. Hapo ndipo wananyamaza, na kulia kunaruhusiwa. Mvumo usiopata jina hauishi, na yeyote anayeusikia, ulimi wake hutafuta jina wenyewe. Tumelelewa hivyo. Hata polisi wamelelewa hivyo.

Siwema alijirekodi kwa simu asubuhi moja, akikuna nazi, akivuma. Hapakuwa na msiba. Hakukuwa na maneno, wala jina la wimbo, wala mwisho, kwani simu iliishiwa chaji. Alimtumia rafiki yake mmoja. Siku ya tatu wimbo ulikuwa kwenye foleni ya benki, kwenye kambi ya jeshi, na kwenye simu ya kasisi aliyesahau kuizima, ukalia katikati ya ibada. Watu waliokuwa wakiusikia walikuwa wakisimama kidogo, midomo ikicheza, kisha wanatazama nyuma na kuondoka.

Gari jeupe lilikuja Jumanne, lilikuwa na haraka hiyo. Walimchukua pamoja na mbuzi yake. "Atapumzika kidogo tu, mpaka maoni yakamilike," waliniambia. Jina lake halikuambiwa lipumzike wala likeshe. Liliachwa limesimama.

*

Mimi nilikatazwa kuugusa wimbo ule, kwa kanuni isemayo sikio la ndugu lina nta. Alianza mama mmoja tuliyekaa naye meza moja miaka yote ile, msikilizaji daraja la kwanza, ambaye hajapata kutikisa unga tangu aajiriwe. Alivua viatu, akaingia. Baada ya dakika tatu alitoka na fomu yake. Swali la kwanza la fomu ni: Wimbo unasema nini? Alikuwa ameandika neno moja, jina la mumewe. Alilitazama kama aliyeliona limeandikwa na mtu mwingine. Wakamchukua na miguu ikiwa imejaa unga.

Akafuata wa pili, akaandika majina mawili. Wa tatu aliapa hatashika kalamu, akalitamka jina lake kwa mdomo. Wa nne, wa tano, wa sita. Hawakuwa waasi. Walikuwa watumishi waaminifu waliojibu swali la fomu.

Ndipo Mkurugenzi akatangaza kwamba atasikiliza mwenyewe. Alitukusanya waliobaki, yaani mimi, Bwana Mfaume na mpika ugali. "Debe tupu haliachi kuvuma," alisema. "Huu si wimbo, ni debe. Nitaingia, nitatoka, na jioni hii nchi itakuwa imetulia." Aliingia. Hakutoka mpaka walipomtoa. Bwana Mfaume alikuta unga wote uko sakafuni, na kwenye fomu, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la pili, jina la ndugu yake pacha ambaye hakuna aliyejua kwamba alipata kuwa naye.

Mlangoni palibaki jozi saba za viatu. Vya Mkurugenzi vilikuwa vimeng'arishwa.

Kesho yake alifika Mjumbe kutoka Sikio la Juu, mwenye pamba masikioni kwa usalama wa taifa. Alisema kwa kupiga kelele, kama ilivyo kawaida ya wenye pamba.

"UMEBAKI WEWE!"

"Lakini mimi ni ndugu yake, Mheshimiwa."

"NINI?"

Nilimwandikia. Alisoma, akatikisa kichwa. "KANUNI IMESIMAMISHWA! WIMBO UKISEMA KITU, MSICHANA ANABAKI KULE! USIPOSEMA KITU, ANAKWENDA NYUMBANI! SIKILIZA KWA UHURU KABISA!"

Nilivua viatu, vikawa jozi ya nane. Nilitia miguu kwenye unga. Wimbo ukapigwa.

Sitaki kuueleza. Nitasema tu kwamba kati ya mvumo na mvumo mtoto yule alivuta pumzi, na alivuta kama baba yake alivyokuwa akivuta kabla ya kushusha mkono kwenye ngoma. Miaka kumi na minane sijalitaja jina la kaka yangu, hata ndotoni. Lilipanda kutoka tumboni. Lilifika kooni. Nilikuwa mwenye msiba na mlango ulikuwa wazi, na wanawake wote wa nchi hii walikuwa wananingoja. Nikang'ata ulimi mpaka damu ikajaa mdomoni, nikaimeza, na jina nikalimeza pamoja nayo. Kisha nikaandika maneno mawili: Sikusikia kitu.

Mjumbe alisoma mara mbili. "MSIKILIZAJI ASIYESIKIA NI MWONGO AU NI KIZIWI! PIGA TENA! ONGEZA SAUTI!"

Wakapiga tena. Wakapiga mara ya tatu, spika imewekwa begani kwangu. Ilipokwisha nilitazama chini, nikaona kwamba mguu wa kulia umenisaliti. Mbele ya kidole gumba unga ulikuwa umejikunja, kitu cha sentimita nzima.

Bwana Mfaume alipiga magoti. Aliinamisha uso karibu kabisa na sinia, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Halafu akashikwa na kikohozi. Alikohoa kwa nguvu zake zote, unga ukaruka, ukamjaa kwenye nyusi, ukatulia tena kwenye sinia ukiwa sawasawa kama shuka. Akaweka rula.

"Sifuri," alisema.

*

Nikatunukiwa Cheti cha Uziwi, daraja la kwanza, chenye muhuri na picha ya Msikivu Mkuu. Mjumbe alitoa uamuzi: wimbo ambao msikilizaji halali hakuusikia haukuimbwa, na ambaye hakuimba hana sababu ya kutulizwa. Siwema alifunguliwa siku hiyohiyo alasiri. Nilimngoja ng'ambo ya geti, nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu niliogopa uso wangu. Afisa mwenye daftari alisimama pembeni yangu akinitazama masikio.

Nilisikia geti likifunguliwa. Nikasikia kandambili.

"Baba mdogo!"

Sikugeuka.

"Baba mdogo! Ni mimi!"

Afisa aliandika kitu. Mara ya tatu sauti ya Siwema ilipasuka katikati, kama ile siku aliyoletwa kwangu. Nikaanza kutembea. Alinifuata nyuma mpaka nyumbani, mwanzoni akiniita, kisha akilia, kisha kimya. Hilo ndilo tendo baya kuliko yote niliyowahi kuyafanya, na nililifanya kwa ajili ya kumwokoa.

Tangu hapo nimekuwa kiziwi miezi mitatu. Bwana Mfaume amepangiwa kukaa barazani kwangu kila siku ya kazi, na mimi nakaa mbele yake, miguu kwenye sinia. Siwema alielewa siku ya pili, nadhani. Asubuhi ananiwekea chai, anakaa jikoni, anakuna nazi ya kwenda kupikia, na anavuma. Jirani wa kulia naye anavuma akifua. Juzi nilipopita zahanati, foleni nzima ilikuwa inavuma, na askari aliyekuwa akiilinda alikuwa ameufumba mdomo kwa nguvu isiyo ya kawaida. Bila shaka mimi sikusikia. Nawaeleza tu kwamba midomo yao ilikuwa imefungwa.

Leo Ijumaa Bwana Mfaume aliugeukia ukuta, akauambia ukuta habari zifuatazo. Jumatatu ni mapitio ya vyeti. Wataalamu wamegundua kwamba rekodi si kipimo cha kutosha, kwani kiziwi wa kweli hageuki hata mtoto wake akilia nyuma yake. Kwa hiyo Jumatatu hakuna wimbo utakaopigwa. Watamleta Siwema, watamsimamisha nyuma yangu, na watamfanya alie.

"Na mimi," aliuambia ukuta, "wamenipeleka hospitali. Wamenitibu kikohozi. Nimepona kabisa."

Akaondoka bila kunitazama.

Sijui kama nitageuka. Nimejaribu kujiambia kwamba sitageuka, na miguu yangu haikubali. Ndiyo maana jioni hii nimekaa nikaandika haya yote, na mwisho wake naweka maoni yangu ya mwisho, ambayo Sauti Moja haitayachapisha. Unayesoma, soma kwa macho. Ukifika kwenye majina, ya niliowasifu na niliyoyasoma kwenye fomu, shauri yako kama midomo itacheza. Nimeyahesabu maneno, hayakuzidi arobaini.

"Wimbo Usio na Jina", wa Siwema.

Sauti moja na mbuzi ya nazi. Hauna maneno kwa sababu maneno ni ya mwenye msiba. Niliusikia wote, kila pumzi. Unauliza jina, nami mwenye msiba nimefika mlangoni: Kapungu. Mwasiti, Mwanjaa na Tausi. Lukindo. Ndimbo. Fumbwe. Na kaka yangu, baba yake: Kondo.